Kopo Kavu Halishangiliwi

Kopo kavu halishangiliwi, huulizwa.

Ndivyo alivyonong'ona yule mama wa jikoni juzi pale ukumbini, mkuu wa chuo alipofungua sanduku la maoni mbele yetu sote, akalikung'uta, lisitoe hata kikaratasi, naye akapiga makofi akisema chuo hiki hakina lalamiko hata moja. Nyinyi mkacheka. Kisha mkaanza kunifuatafuata: maana yake nini, imetoka wapi, kopo gani hilo? Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, itie mfukoni. Hadithi hii ina injini ndani yake, ukiachwa kwenye kona hutatukuta tena.

Methali yenyewe ilizaliwa Mafinga, nyanda za juu, kwenye baridi na misitu ya mbao, wakati wa masika. Siku mbili tu zilitosha kuizaa.

Palikuwa na fundi wa magari aitwaye Vumilia Sanga. Mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Gereji yake ilikuwa nyuma ya kiwanda kimoja cha kupasua mbao, na vumbi la msumeno lilikuwa likimwingia hadi kwenye chai. Malori yote ya magogo yalikuwa yakitengenezwa kwake. Lakini Vumilia hakuwa na raha na malori. Roho yake ilikuwa kwenye magari ya mashindano, yale yanayopita porini kwa kishindo, matope yakiruka, watu wakikimbilia kingo za barabara na kupiga mayowe.

Bahati ikamjia kupitia kwa Lutengano Mwaipopo. Huyu alikuwa dereva wa mashindano, kijana wa watu, mcheshi, anayevaa kitambaa cheupe shingoni hata kwenye matope, na gari lake la kijani watu walilibatiza jina Nyigu. Injini ya Nyigu ilikuwa imekufa. Mafundi wa mjini walimwambia atupe, anunue nyingine. Vumilia akasema, "Niachie." Akaifungua yote, hadi nati ya mwisho, akaijenga upya kwa mikono yake. Ilimchukua miezi kumi na minne. Watu wakawa wakipita pale gerejini wanamcheka: "Dada, hiyo si injini ya lori la magogo, hiyo ina tabo ya kuisukumia hewa." Yeye anasugua tu.

Mashindano yalipokaribia, Lutengano alimweka kando akamwambia ukweli wake. "Dada Vumi, mimi nakuamini, lakini nyumbani wananisema. Tukubaliane. Injini hii ikimaliza mashindano Jumapili, basi ni yako, hakuna fundi mwingine atakayeigusa maisha yangu yote. Ikifa njiani, naipeleka mjini, na wewe utarudi kwenye malori yako."

"Itamaliza," Vumilia akasema.

"Inshallah."

"Nimesema itamaliza."

Sasa, injini ile ilikuwa na kasoro moja, na nyinyi wanafunzi wa ufundi mnisikilize vizuri hapa. Injini ya mashindano hupumua. Ikikabwa sana kwenye mlima, moshi hupenya pembeni mwa pistoni, hushuka tumboni, halafu hutafuta pa kutokea. Juu ya injini kuna tundu la kutolea pumzi hiyo, na bomba la mpira huichukua na kuirudisha kwenye njia ya hewa. Lakini pumzi hiyo si safi, ina ukungu wa oili. Gari la kwenda sokoni halijali. Gari la mashindano linaishia kunywa oili yake lenyewe: moshi wa bluu nyuma, nguvu zinapungua, pistoni zinaanza kugonga. Nyigu alikuwa na ugonjwa huo. Kwenye majaribio alitoa moshi wa bluu mpaka kuku wa jirani wakahama.

Dawa yake inajulikana. Unafunga kopo katikati ya safari ya ile pumzi. Pumzi inaingia koponi, oili inanasa humo na kudondoka chini, hewa iliyo safi inaendelea na safari yake. Jioni unafungua kopo, unamwaga uchafu, basi. Vumilia akaenda kwa mfua bati, wakatengeneza kopo zuri la aluminiamu, lenye mfuniko wa kufungua kwa mkono. Ndani akalijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ili ukungu upate pa kushika. Akalisugua kwa nje hadi ukawa unaweza kujitazama na kuchana nywele.

Likabaki swali moja: lifungwe wapi?

Palikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyuma kabisa ya injini, kwenye kona ya giza, mahali ambapo hata ukiinama hulioni vizuri. Lakini pale palikuwa karibu na lile tundu la kupumulia. Mpira wa shibiri na nusu ungetosha, na kwenye sanduku lake Vumilia alikuwa na kipande cha mpira wa oili, ule halisi usioogopa moto, urefu wake shibiri na nusu kamili. Ungesema Mungu mwenyewe alikipima.

Sehemu ya pili ilikuwa mbele, karibu na taa, mahali ambapo boneti likifunguliwa tu jicho la kila mtu linatua hapo.

Lo! Miezi kumi na minne anachekwa! Kopo linang'aa! Vumilia akalifunga mbele.

Mpira wa oili wa kufika kule mbele haukuwapo madukani Mafinga nzima. Palikuwa na mpira wa maji, mpya, mweusi, mzito. Akaubonyeza kwa vidole, ukagoma kubonyea. Je, alijua kwamba mpira wa maji na oili ya moto hawakai nyumba moja? Alijua! Hapo ndipo penye kisa. Asingejua, tungemhurumia. Alijiambia tu, "Siku mbili, utavumilia, kama mimi." Akaukata, akaupitisha juu ya injini, akaukunja pale ilipobidi ukunjwe, akakaza klipu.

Na watu walipokuja kuona! "Weee, dada, hilo kopo au kioo?" "Kumbe Mafinga tuna fundi!" Wenyewe walewale waliomcheka. Mnajua wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi na hadithi hii ina mgema wa kweli, subirini, anakuja.

Jumamosi mashindano yakaanza. Nawaambia, mji ulihamia porini. Wapasua mbao waliacha misumeno, wanakwaya waliacha mazoezi, mabibi walibebwa migongoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne na barabara ilikuwa utelezi mtupu. Magari yalikuja moja moja, unasikia kwanza mlio mbali kwenye misonobari, halafu kimya, halafu ghafla hilo hapo limelala ubavu kwenye kona! Nyigu alipopita, mlio wake ulikuwa mwingine kabisa. Vumilia alisimama kwenye tope hadi vifundoni, macho ameyafumba, anasikiliza tu. Akaambiwa na watu kwamba hakuna moshi wa bluu. Hakuna! Nyigu anapumua safi. Moyo ulimruka kama wa msichana.

Kufikia jioni Lutengano alikuwa anaongoza kwa sekunde kumi na nne.

Magari yakaja kwenye uwanja wa matengenezo, kila timu na dakika zake chache kabla ya magari kufungiwa hadi kesho. Timu ya jirani wakafungua kopo lao, wakamwaga kikombe kizima cha oili nyeusi iliyochanganyika na maji kama uji ulioungua. Watu wakaguna. Kisha macho yote yakageukia kwa Nyigu. Lutengano, kwa zile mbwembwe zake, akavua kitambaa cheupe shingoni, akakitandaza juu ya boneti la gari la jirani. Akachomoa kopo, akalifungua, akaligeuza juu chini, akalitikisa.

Hakuna. Hata tone.

Akakiinua kitambaa juu ya kichwa, kipo cheupe pepepe. "Kavu!" akapiga kelele.

"Kavu! Kavu! Kavu!" uwanja ukaitikia. Vigelegele! Wanawake walimbeba Vumilia juu juu na buti zake za tope. Naye alicheka, akalia, akapunga mikono. Tusimlaumu. Nani angekataa?

Msoma ramani wa Lutengano, mtu wa taratibu, akamuuliza kutoka chini, "Fundi, oili tupime?"

"Ya nini?" Vumilia akamjibu kutoka mabegani mwa watu. "Kopo kavu, oili itakuwa imekwenda wapi?"

Dakika zikaisha. Nyigu akasukumwa kwenye uwanja wa kufungia, lango likapigwa kufuli.

Sasa katika umati ule alikuwamo mjomba wake Vumilia, mzee Mgongolwa, mgema wa ulanzi. Kama hujui ulanzi basi hujafika kwetu: ni pombe ya mianzi. Masika, mwanzi mchanga unakatwa ncha, unainamishwa, unatundikiwa mbeta, kile kikombe chake cha mwanzi, na utomvu unadondoka humo mchana na usiku. Asubuhi na jioni mgema anapita, anamwaga, anakata upya. Mzee Mgongolwa alikuwa amefanya kazi hiyo miaka hamsini. Alikuja na dumu lake ampongeze mpwa wake, na katika kupokezana lile kopo, kabla halijarudishwa garini, likamfikia mikononi. Akalitazama ndani. Akalinusa.

"Shikamoo mjomba!" Vumilia akamwamkia, jasho na furaha vinamtiririka.

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Hii ndiyo mbeta yenu?"

Vumilia akacheka. "Ndiyo mjomba, mbeta ya injini. Inakinga oili."

"Na kabla hamjaitundika, injini ilikuwa inatoa?"

"Ilikuwa inatoa sana, ndiyo maana tukatundika."

"Leo haitoi."

"Haitoi, si unaona? Kavu!"

Mzee akageuza kopo mkononi mara moja tena. "Imeponywa na nini?"

Vumilia akaudhika, maana ukiulizwa jambo usilolijua siku ya sifa zako, linauma. "Mjomba, tafadhali. Injini si mwanzi."

"Kweli, si mwanzi," mzee akasema bila kukasirika. "Kesho kabla hujaenda kwenye magari, pitia shambani kwangu. Nina kitu cha kukuonyesha."

Angeweza kutokwenda. Lakini lile swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Imeponywa na nini? Yeye aliifunga ile injini, hakubadilisha ringi wala pistoni tangu majaribio. Kopo halitibu, kopo linakinga tu. Kulipokucha Jumapili alikuwa tayari yuko njiani, koti limefungwa hadi kidevuni, anapanda kwenye mianzi ya mjomba wake.

Alimkuta anamwaga. Mbeta ya kwanza ilikuwa imejaa hadi inafurika povu. Ya pili imejaa. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne, mzee akaishusha, akaigeuza. Kavu.

"Haya," akasema. "Nipige vigelegele?"

Vumilia akaipokea mbeta, akachungulia ndani.

"Mwanangu, mwanzi wa masika hauachi kutoa. Mbeta ikiwa kavu, mimi sisemi mwanzi umetulia. Nasema utomvu umekwenda kwingine. Ama mlevi mmoja kapita kabla yangu, ama upepo umesogeza, ama nimekata vibaya. Lakini kutoka, umetoka."

"Unajuaje umekwenda wapi?"

"Situmbulii macho mbeta. Mbeta imeshasema haijui. Angalia chini."

Vumilia akainama. Kwenye shina la mwanzi nyasi zilikuwa zimelowa chapachapa, zinanata, na nyuki na sisimizi wamejaa hapo wanasherehekea. Upepo ulikuwa umeisogeza mbeta kidole kimoja tu pembeni. Ulanzi wote wa usiku ulikuwa umeshuka kwenye shina na kuingia ardhini, kimya kimya.

Angalia chini.

Na chini ya injini ya Nyigu, kama ilivyo kwa magari yote ya mashindano, palikuwa na bamba kubwa la chuma, pana kama sinia la pilau la harusi, la kuikinga injini na mawe. Kitu chochote kinachodondoka kutoka kwenye injini kinabaki humo. Hakifiki ardhini. Hakuna atakayekiona.

"Mungu wangu!" Vumilia akasema. Hakuaga. Alishuka ule mlima mbio, anateleza, anaanguka, anaamka, na mzee Mgongolwa nyuma yake anamwita, "Polepole, utavunjika!" Ng'o.

Siku ile timu zilipewa dakika ishirini za matengenezo, asubuhi, halafu ingefuata hatua ndefu kuliko zote: kilomita thelathini na moja, kupanda mlima wa Ngwilu tangu mguuni hadi kileleni. Nyigu alikuwa ndiyo kwanza ameingia uwanjani kutoka kule alikofungiwa, injini imeshapata moto kwa mwendo wa kuja. Saa ya mwamuzi imeanza kuhesabu. Lutengano anazunguka anapeana mikono na mashabiki. Mpango ulikuwa kubadilisha matairi tu.

Vumilia akafika anahema, tope usoni, nyasi kichwani. "Jeki! Inua! Fungua bamba!"

Lutengano akageuka. "Bamba? Dada Vumi, bamba lina boliti kumi na mbili! Tutachelewa kutoka, tutakatwa muda!"

"Fungua bamba, Lutengano."

"Tunaongoza kwa sekunde kumi na nne! Gari zima! Kopo lilikuwa kavu, dunia nzima imeona!"

"Ndiyo sababu!" Vumilia akavua koti. "Ndiyo sababu, ndugu yangu. Kopo lile halikupaswa kuwa kavu. Mimi ndiye niliyekosea, nitakueleza baadaye, utanifukuza baadaye. Sasa nipe spana."

Hakungoja apewe. Alijitupa chini ya gari mgongoni, kwenye maji ya matope, akaanza na boliti ya kwanza. Msoma ramani, yule mtu wa taratibu, akajitupa upande wa pili. Moja, mbili, tatu. Umati ukaanza kusogea. Nane, tisa. Boliti ya kumi na moja ilipolegea, bamba likainama upande mmoja.

Oili ikamwagika.

Haikudondoka, jamani. Ilimwagika! Nyeusi, nzito, imechanganyika na tope la njia nzima ya jana, ikamlowesha Vumilia kifua na shingo, ikatambaa kwenye nyasi hadi kwenye viatu vya watu. Muuza kahawa aliyekuwa akipita aliacha kugonga vikombe vyake.

Lutengano akafungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeinuka chenyewe kutoka kwenye tundu lake, kimesukumwa na pumzi iliyokosa njia, na pembeni mwake kote kumelowa. Akakichomoa. Kilikuwa na oili nchani tu, kidogo kama wanja. Akakiinua mbele ya uso wa Vumilia.

Vumilia hakukitazama kijiti. Alinyoosha mkono akaugusa ule mpira wa maji, ule aliouchagua, ule mzito mweusi. Ulikuwa laini kama mdomo wa ndama. Moto na oili viliumaliza, na pale kwenye kona aliyoikunja mwenyewe ulikuwa umejikunja ukajifunga kabisa. Injini ilikuwa imezibwa pua. Siku nzima ya jana ilitafuta pa kupumulia, ikatema oili yake kila penye upenyo, na wao juu wakaimba kavu, kavu.

"Dakika?" akauliza.

"Kumi na moja zimebaki."

"Toa kopo hapo mbele."

Msoma ramani akalitoa. Vumilia akafungua sanduku lake, akapekua, akakitoa kile kipande cha shibiri na nusu. Akalala juu ya injini, tumbo linaungua, akaliingiza kopo kule nyuma kwenye kona ya giza, akalifunga kwa waya na bamba dogo la chuma. Mpira mfupi ukaingia pande zote mbili bila kukunjwa, kama mtoto kwenye mgongo wa mama yake. Mpira wa pili, ule wa kupeleka hewa, ulikuwa mzima. Klipu, klipu, kaza. Alichomoa mikono imevimba malengelenge. Oili mpya ikamiminwa, chupa baada ya chupa, na watu wa timu ya jirani, wapinzani wao wenyewe, wakawaletea chupa ya mwisho walipopungukiwa. Huo ndio ubinadamu wa magari. Bamba likarudi, boliti ya kumi na mbili ikakazwa.

"Umechelewa dakika mbili," mwamuzi akasema. "Sekunde ishirini za adhabu."

Lutengano akafunga mkanda. Alimtazama fundi wake, aliyelowa oili kuanzia nywele hadi buti, akasema neno moja tu. "Itamaliza?"

Jana angejibu kabla swali halijaisha. Leo alisema, "Sijui. Sikiliza inavyopumua. Ikibadilika mlio, simama."

Hapo ndipo alipokuwa fundi, mkiniuliza mimi.

Hatua ile ilichukua dakika ishirini na tano, na kwa Vumilia ilichukua mwaka. Alisimama kando ya barabara pale juu ya Ngwilu alikopelekwa na lori la magogo, na mzee Mgongolwa akaja akasimama kando yake, akamshikilia mkono kama mtoto. Gari la kwanza likapita. La pili. Kimya. Misonobari ikawa inadondosha maji tu. Mtu mmoja akasema, "Nyigu kafa." Vumilia hakumgeukia.

Halafu, mbali kule bondeni, ule mlio. Mwembamba kwanza. Ukapotea nyuma ya kilima, ukarudi, ukapanda. Unapanda! Haukohoi, haugongi. Nyigu akachomoza kwenye kona ya mwisho amelala ubavu, tope likiruka juu kuliko mti, akapita mbele yao kama mwenye wazimu, na nyuma yake hakuna moshi wa bluu wala wa rangi yoyote. Umati ulipasuka! Vumilia alipiga yowe hata sauti ikamkauka siku tatu, na yule mzee wa miaka sabini na kitu akarusha kofia yake ikaangukia upande wa pili wa barabara.

Walimaliza mashindano. Wa pili, kwa sekunde tatu. Nani alikuwa wa kwanza? Waulizeni wazee wa Mafinga, hata mmoja hatakumbuka. Wanachokikumbuka ni hiki.

Jioni uwanjani watu walikusanyika tena, lakini safari hii hakuna aliyeimba. Lutengano akavua kitambaa chake cheupe, akakitandaza kwenye boneti. Vumilia akaingiza mkono kule nyuma gizani, mahali pasipoonekana, akalichomoa kopo. Lilikuwa limechubuka na kupakaa masizi, halifai kuchania nywele tena. Akalifungua. Akaliinamisha.

Likadondoka tone jeusi. La pili. Kisha ikafuata oili yote, robo kikombe, chafu, yenye maji na povu la kahawia, ikakilowesha kitambaa kizima hadi pindoni.

Vumilia akaangua kilio. Kilio cha furaha, mabega yanacheza, machozi yanachora njia kwenye masizi. Hakuna aliyepata kumwona mtu akiulilia uchafu namna ile. Lutengano akakikunja kitambaa, oili inamchuruzika mkononi, akampa. "Injini ni yako," akasema. "Maisha yangu yote." Naye mzee Mgongolwa akapenyeza kichwa katikati ya watu, akakitazama kile kitambaa cheusi, akasema kama anavyosema shambani kwake, "Haya. Sasa pigeni vigelegele."

Vikapigwa. Vigelegele vya siku ile, wanangu, vilisikika hadi kwenye viwanda vya mbao.

Kuanzia hapo, gerejini kwa Vumilia, mtu akija anajisifu kwamba gari lake halijampa shida mwaka mzima, au mume anasema mke wangu hanung'uniki kamwe, au baba anasema mwanangu hajawahi kuniletea kesi, mafundi wake walikuwa wakitazamana, mmoja anasema neno lile la kopo kavu. Likatoka gerejini likaenda sokoni, kutoka sokoni likaingia majumbani, hadi likamfikia yule mama wa jikoni aliyenong'ona juzi.

Na sasa mmeelewa kwa nini alinong'ona, hakusema kwa sauti. Kesho mkienda darasani, msilitumbulie macho lile sanduku la maoni. Tazameni limetundikwa wapi. Limepakwa rangi nzuri, linang'aa, wageni wote wanalisifu, na linatundikwa kwenye msumari wa mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Nani kati yenu atatia karatasi hapo huku anatazamwa? Halafu angalieni chini: ukuta wa nyuma ya bweni mmeuandika nini kwa makaa, na kwa nini wasichana saba hawakurudi muhula huu.

Siku sanduku lile litakapohamishiwa kwenye kona ya giza, karibu na mahali mnapopumulia, na likafunguliwa limejaa uchafu hadi mfuniko, siku hiyo mniite. Nitakuja na vigelegele vyangu mwenyewe. Hadi hapo, mkuu wa chuo akipiga makofi, nyinyi kumbukeni kitambaa cheupe cha Lutengano.

Kopo kavu halishangiliwi, huulizwa.